Uzito wa Bahari na Umbo la Dunia (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulibainisha ya kuwa dunia si tufe kamili, bali imevimba kiunoni, hata masafa ya kutoka kitovuni mwake mpaka Ikweta huzidi yale ya kwenda kwenye ncha zake kwa yapata kilomita 21. Umbo hilo halitulii; na miongoni mwa sababu za kutotulia kwake ni maji ya bahari, ambayo kila yahamapo huhama na uzito wake.

Mkaazi wa Unguja hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa kimo cha karibu mita 4, na kila mita ya mraba ya sakafu ya bahari hutwikwa zaidi ya tani 4 kwa muda wa saa sita, kisha ikatuliwa. Chini ya mzigo huo mwamba wenyewe hubonyea, na pwani ikashuka nao sentimita chache, wala hapana ahisiye, kwa kuwa nyumba, minazi na watu hushuka pamoja.

Uzito ukihama, nguvu ya mvutano nayo hubadilika. Machi 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha setilaiti mbili ziitwazo GRACE, zikafuatana kwa masafa ya kilomita 220 hivi. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mwingi huvutwa kwanza, nafasi ikapanuka. Kisha ya nyuma nayo huvutwa, ikapungua. Na badiliko hilo, hata lisipofika unene wa unywele, lilipimwa.

Lakini ajabu kubwa ilikwisha kutokea kabla setilaiti hizo hazijarushwa. Ardhi za kaskazini, zilizolemewa na barafu ya zama za kale, zingali zikiinuka taratibu, na kwa ajili hiyo uvimbe wa kiunoni ulikuwa ukipungua; mnamo 1998 ukageuka, ukaanza kuongezeka. Wanasayansi Cox na Chao, walioitangaza habari hiyo mwaka 2002, waliielekezea bahari dhana yao, maana ni lazima uzito mkubwa uwe umehama kuelekea Ikweta.

Wala si bahari peke yake yenye uzito: barafu ya Greenland nayo huyavuta maji kuielekea. Ipunguapo, mvuto hulegea, maji ya jirani yakashuka, na ya mbali, yakiwamo ya pwani yetu, yakapanda kupita wastani. Hesabu yake tutaileta juma lijalo, inshallah. Na msomaji atakayetaka kuifuata na aweke karibu ramani iliyochorwa juu ya tufe, kwani ile ya karatasi itampotosha.