Kwa nini ujumbe wa usiku unalia asubuhi?

Hapa Gungu, giza la mwezi likianza, wavuvi wa dagaa wanashuka mwalo wa Kibirizi na kuingia ziwani na taa zao mpaka alfajiri. Tuseme mwanafunzi wa kompyuta anawatengenezea programu yao ya kutumiana ujumbe: bei ya dagaa, mafuta, hali ya upepo. Akiijaribu mezani inafanya kazi safi kabisa. Ikifika kwa wavuvi, ujumbe wa "upepo umebadilika, rudini" uliotumwa saa 5 usiku unalia saa 12 asubuhi.

Wengi huanza kulaumu mtandao. Mara nyingi mtandao hauna hatia, programu ndiyo ilikuwa imelala.

Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, Android ina utaratibu uitwao Doze. Skrini ikizima, simu ikiwa haipo kwenye chaji na imetulia kwa muda, mfumo unazikatia programu mtandao, kisha unazifungulia kidogo mara mojamoja. Kadiri simu inavyoendelea kulala, vipindi hivyo vinazidi kuachana. Toleo la 7 likaongeza usingizi mwepesi hata simu ikiwa mfukoni inatikisika, kwa hiyo mtumbwi kuyumba hakukuokoi. Ukiandika programu inayokesha chinichini ikiuliza seva kila dakika "kuna jipya?", unashindana na mfumo, na mfumo utashinda. Na bora ushinde, maana katikati ya Tanganyika mvuvi hana pa kuchajia.

Dawa ni kuacha kukesha. Simu ya Android yenye huduma za Google ina mlango mmoja unaobaki wazi kwenda seva za Google, na programu zote zinautumia kwa pamoja. Huduma hiyo ni Firebase Cloud Messaging. Apple nao wana ya kwao tangu 2009. Seva yako inabisha pale, halafu programu yako inaamshwa.

Hapo ndipo maamuzi yako yanapoanza. Ujumbe wa kipaumbele cha kawaida unaweza kusubiri simu iamke, wa kipaumbele cha juu unaiamsha. Alichoandika mtu kiende juu; mambo kama picha mpya ya wasifu yasubiri. Ukiwa unaamsha simu ovyo bila kumwonyesha mtumiaji arifa yoyote, Google wanaweza kukushusha daraja.

Halafu kuna muda wa kuishi, ambao wengi hawaugusi. Usipoutaja, ujumbe usiofika unahifadhiwa hadi wiki 4. Sasa onyo la upepo wa juzi lina faida gani leo? Linatisha watu bure. Lipe saa chache tu.

Na hili linawauma wengi: simu ikiwa nje ya mtandao, Google wanaitunzia programu yako jumbe 100 tu. Zikizidi, zote zinafutwa, na simu ikirudi hewani programu inaambiwa tu kwamba kuna zilizopotea. Kundi la wavuvi wenye maneno linamaliza 100 kabla ya usiku wa manane! Kwa hiyo arifa iwe kengele tu. Jumbe zenyewe zikae kwenye seva yako, na programu ikiamka ikazichukue huko.

Usisahau simu yenyewe. Tangu Android 13 mtumiaji lazima aruhusu arifa. Akibonyeza "lazimisha kusitisha", hapati kitu mpaka aifungue programu tena. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza visafisha-betri vyao vikali kuliko Doze, kwa hiyo weka ukurasa unaomwelekeza mtu mipangilio ya kubadilisha.

Kwa onyo la hatari, tuma na SMS ya kawaida pia. Haihitaji bando wala programu kuamka. Ila pale ziwani ambapo mnara haufiki, hata SMS haiingii. Kwa hiyo mtumaji aliyeko nchi kavu aonyeshwe waziwazi kwamba ujumbe wake bado haujapokelewa, na ni nani hasa hajaupata, ili atafute njia nyingine mapema.