Wazee Huchagua Kwanza: Desturi ya Uchaguzi Katika Garissa na Kaskazini Mashariki

Msafiri atokaye Nairobi, akiisha kuvuka daraja la Mto Tana, huingia mara mji wa Garissa. Akifika miezi mingi kabla ya uchaguzi mkuu, huenda akawaona wazee wameketi kivulini mwa mgunga, bakora zao zimelazwa kando, na chai ya maziwa inazunguka. Hapo hapana sanduku la kura wala karani wa uchaguzi. Lakini mwenyeji wa mji ajua ya kwamba uchaguzi umekwisha anza, na pengine sehemu yake kubwa itamalizika hapo hapo chini ya mti.

Kikao hicho Wasomali hukiita shir. Katika shir mambo ya malisho, visima, dia na ndoa yameamuliwa tangu zamani kwa sheria ya desturi, wala si ajabu kwamba siku hizi uchaguzi nao umeletwa humo. Magazeti yameipa desturi hii jina la demokrasia ya mapatano, maana yake kwamba koo hukubaliana kwanza nani asimame, ndipo watu wakapige kura.

Sababu ya desturi hii kupata nguvu ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyoleta serikali za kaunti. Uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki ukawa kaunti tatu, yaani Garissa, Wajir na Mandera, na kila moja ina maeneo sita ya Bunge. Kabla ya hapo ukoo uliweza kugombea viti vya ubunge na udiwani tu. Sasa vilikuwapo vya gavana na naibu wake, seneta, mwakilishi wa wanawake, wabunge, wajumbe wa wadi na spika wa baraza la kaunti. Fedha nazo zilikuwa nyingi: katika mwaka wa kwanza Mandera peke yake ilipangiwa zaidi ya shilingi bilioni 6 kutoka Serikali kuu. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi hata barabara ya lami ilikuwa habari ya kusikia tu, fedha za namna hiyo zaweza kuwafanya ndugu wagombane.

Basi wazee huketi na kugawanya. Ukoo uliopata ugavana hauwezi kudai useneta. Ule uliokosa vyote viwili hupewa unaibu au uspika. Na ndani ya kila ukoo jamaa ndogo ndogo nazo huhesabiana, nani alikula zamu iliyopita na nani bado. Majina hupelekwa, hujadiliwa, hurudishwa. Kikao kinaweza kuchukua siku nyingi. Likiisha kutajwa jina moja, wengine waliokuwa wakitamani kiti hicho hutakiwa kuondoka kwa heshima na kumwunga mkono aliyeteuliwa. Chama cha siasa hutafutwa baadaye, kama mtu atafutavyo gari la kumfikisha safari aliyokwisha kuipanga.

Mgeni huweza kucheka, akasema hayo ni mambo ya kale. Afadhali kwanza azijue habari za nchi hiyo. Mwezi Mei 1963, Kenya ilipopiga kura kabla ya Uhuru, watu wengi wa Kaskazini Mashariki walisusia uchaguzi kwa sababu ya shauri la mpaka na Somalia. Mwisho wa Desemba mwaka ule ule hali ya hatari ikatangazwa huko, na sheria zake hazikuondolewa mpaka 1991. Karibu miaka thelathini mwananchi wa Garissa aliishi chini ya amri ambazo mwananchi wa Nyeri au Kisumu hakuzijua. Katika muda huo wote mtu aliyeweza kusimama baina ya raia na ofisi ya Serikali alikuwa mzee.

Tena wazee wamesaidia kuzima moto. Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilipigana, watu wakafa na mifugo ikaporwa. Amani ikapatikana kwa Mapatano ya Al-Fatah, ambayo wazee waliyatia sahihi mwezi Septemba 1993. Mwaka 2001 mapatano mengine yakafanywa Modogashe, yakaweka kanuni za wizi wa mifugo, malisho na silaha. Kwa hiyo mzee asemapo, “Tukubaliane kabla ya kura ili damu isimwagike,” hasemi maneno matupu. Makaburi anayajua.

Wala si Kaskazini Mashariki peke yake palipo na watu wanaoogopa kuiacha kura bila kuitayarishia njia. Yafaa kuitazama Ujerumani, nchi ya viwanda na reli, ambako Rais wa Shirikisho hachaguliwi na wananchi wote. Zamani, chini ya katiba ya 1919, walimchagua wenyewe. Walimchagua Jemadari Hindenburg mwaka 1925, na tena mwaka 1932. Na ni Hindenburg huyo aliyempa Hitler ukuu wa serikali tarehe 30 Januari 1933. Baada ya vita, watunga katiba mpya ya 1949 walikumbuka hayo. Wakampunguzia Rais madaraka, na kumchagua wakakuweka mikononi mwa baraza maalumu.

Baraza hilo lina kazi hiyo moja tu. Nusu yake ni wabunge wote wa Bunge la Shirikisho, na nusu nyingine, kwa idadi ile ile, hupelekwa na mabunge ya majimbo 16. Si lazima wanaopelekwa wawe wanasiasa. Mwaka 2022, baraza lilipokuwa na wajumbe 1,472, miongoni mwao alikuwamo Bi. Angela Merkel aliyekuwa ametoka kuacha ukuu wa serikali, na vile vile Christian Drosten, bingwa wa elimu ya virusi. Mjumbe yeyote aweza kupendekeza jina, mradi mwenye jina ni Mjerumani mwenye haki ya kupiga kura, ametimiza miaka 40, na amekubali. Hotuba za kampeni hazitolewi barazani. Katiba yasema uchaguzi ufanyike bila mjadala. Kura ni ya siri. Katika duru ya kwanza na ya pili mshindi hana budi kupata zaidi ya nusu ya wajumbe wote. Wakishindwa, duru ya tatu humpa ushindi mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Muda wake ni miaka mitano, na aweza kurudishwa mara moja mfululizo.

Ndivyo sheria isemavyo. Lakini wakubwa wa vyama huketi kwanza faraghani, wakahesabu wajumbe wao, wakakubaliana jina. Mara nyingi magazeti ya Berlin humjua Rais majuma mengi kabla baraza halijakutana. Bwana Frank-Walter Steinmeier aliporudishwa tarehe 13 Februari 2022 kwa kura 1,045, hapana aliyeshangaa. Mzee wa Garissa angalikuwako angaliijua shir mara moja, ijapokuwa wajumbe wake walivaa suti.

Mogadishu nako, ambako habari zake husikilizwa kwa makini Garissa na Dadaab, Rais huchaguliwa na wabunge kwa duru. Tarehe 15 Mei 2022 ilihitajiwa duru ya tatu, na usiku ule Bwana Hassan Sheikh Mohamud alimshinda Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo kwa kura 214 kwa 110. Huko mapatano ya wakubwa hayakutosha kuyajua matokeo mapema, maana katika kura ya siri kila mbunge yu peke yake na kalamu yake.

Kalamu hiyo iliwahi kuwasumbua Wajerumani pia. Mwaka 2010 vyama vilivyotawala vilimteua Bwana Christian Wulff. Vilikuwa na wajumbe 644 barazani, na kura 623 zilitosha kushinda, kwa hiyo kazi ilionekana nyepesi. Duru ya kwanza Bwana Wulff akapata 600. Duru ya pili akapata 615. Ikawa aibu, maana wajumbe wa upande wake mwenyewe walikuwa wamemnyima kura, na hapana aliyeweza kuwanyoshea kidole. Katika duru ya tatu akapata 625, akawa Rais. Lakini mwezi Februari 2012 akajiuzulu, na mwezi uliofuata baraza likamchagua Bwana Joachim Gauck, yule yule aliyeshindwa mwaka 2010.

Mandera iliona jambo la namna hiyo, na kubwa zaidi. Bwana Ali Roba alichaguliwa gavana wa kwanza mwaka 2013. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Baraza la Wazee wa Wagarre liliamua kwamba viongozi wao waliokuwa madarakani wasisimame tena, ila wawapishe wengine. Wazee wakamteua Bwana Hassan Noor Hassan, naye akasimama kwa tikiti ya Jubilee, chama kilichokuwa kikitawala nchi. Bwana Roba akakataa. Akasema raia ndio waliompa kazi na raia ndio watakaomwondoa, akaingia uwanjani kwa chama kidogo cha Economic Freedom. Watu wengi walidhani amejiua kisiasa. Tarehe 8 Agosti 2017 watu wa Mandera walipiga kura, wakamrudisha.

Wako walioona kuwa kumkaidi mzee hadharani ni kuvunja ua wa boma zima, kwa kuwa mapatano yakivunjwa na mmoja, kesho yatavunjwa na kila mtu. Wengine walisema kinyume: wazee ni nani, na nani aliyewachagua? Swali hili la pili ni zito. Mjumbe wa baraza la Ujerumani hupelekwa kwa hesabu iliyoandikwa katika sheria, na bunge lililompeleka lajulikana. Mzee wa shir hukaa pale kwa umri, ukoo, busara, au siku hizi, kama watu wanavyolalamika, kwa kuwa na mlezi tajiri. Inasemwa ya kwamba mwenye kutamani kiti ndiye anayechinja ngamia na kulipa gharama za kikao. Ikiwa ni hivyo, basi ushauri una bei, na kijana maskini mwenye elimu hana pa kuanzia.

Na wanawake je? Amani ya Wajir ya 1993, ambayo wazee waliitia sahihi, haikuanzishwa na wazee. Ilianza sokoni, kwa akina mama waliochoka kuona wauzaji na wanunuzi wanakataana kwa ajili ya ukoo. Mmoja wao, marehemu Bi. Dekha Ibrahim Abdi, alipewa mwaka 2007 tuzo ya Right Livelihood, inayojulikana ulimwengu mzima. Lakini kikao kinachogawanya viti kwa kawaida ni cha wanaume, na wanawake huachiwa kile kiti ambacho Katiba imewatengea wao peke yao. Ilikuwa mpaka 2017 ndipo mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki alipochaguliwa mbunge wa eneo, naye ni Bi. Sophia Abdi Noor wa Ijara, katika Kaunti ya Garissa. Kutoka 1963 mpaka siku ile ni miaka hamsini na minne.

Wapiga kura wa Garissa na Wajir nao wana tabia yao, haifanani na orodha ya mtu yeyote. Garissa ilimchagua Bwana Nathif Jama mwaka 2013, ikamwacha mwaka 2017 na kumchukua Bwana Ali Korane, kisha ikamrudia Bwana Nathif mwaka 2022. Wajir ilifanya vivyo hivyo kwa Bwana Ahmed Abdullahi: 2013 ndani, 2017 nje, 2022 ndani tena. Wengine husema ni wazee waliobadili shauri, wengine husema ni raia. Pengine ni wote wawili. Kura ikiwa ya siri ni vigumu kuwatenga.

Maana sheria ya Kenya haimjui mteule wa wazee. Yamjua aliyeteuliwa na chama na yule anayesimama bila chama, basi. Wazee waweza kushauri na kuombea dua, lakini kumtisha mtu kwa ajili ya kura yake ni kosa. Katiba imeweka siku ya uchaguzi kuwa Jumanne ya pili ya mwezi Agosti kila mwaka wa tano. Siku hiyo, toka Ijara mpaka Mandera, foleni huanza alfajiri kabla jua halijawa kali. Mzee aliyekaa shir siku nyingi husimama humo pamoja na mchungaji aliyeacha ngamia wake kisimani na mama auzaye maziwa. Wote hupewa karatasi sita, na kila mmoja huingia peke yake nyuma ya kile kisanduku cha kuandikia.