Matone ya Kutuliza Uvimbe na Dawa za Presha ya Macho

Mgonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho, hutumia dawa ya matone kila siku, aghalabu maisha yake yote, ili shinikizo ndani ya jicho lisiharibu mshipa wa fahamu wa kuonea. Jicho hilohilo likiwa jekundu kwa mzio, au likifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, huenda akaandikiwa pia matone ya kutuliza uvimbe. Ni vema watumiaji wafahamu kwamba dawa hizo mbili zaweza kupingana.

Matone ya kutuliza uvimbe ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni steroidi, kama vile deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni. Steroidi hupunguza kasi ya maji ya ndani ya jicho kutoka, na hivyo shinikizo laweza kupanda, kwa kawaida baada ya wiki 2 au zaidi. Wenye glakoma na ndugu zao wa damu wamo katika hatari kubwa zaidi. Aina ya pili haina steroidi, mfano diklofenaki na ketorolaki. Hizi kwa kawaida hazipandishi shinikizo, ingawa zaweza kubadili nguvu ya baadhi ya dawa za glakoma, kama latanoprosti.

Shinikizo hupanda kimyakimya. Wekundu hutoweka, maumivu hayapo, na mgonjwa hudhani amepona. Kumbe uoni unapungua, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi.

Kwa hiyo tunawashauri watumiaji:

1. Mwelezeni daktari na mfamasia kuwa mna glakoma, au kwamba imo katika ukoo wenu, kabla ya kupewa matone yoyote.

2. Someni lebo. Baadhi ya matone ya kuua bakteria yamechanganywa na deksamethasoni. Msiyanunue bila cheti cha daktari, wala msitumie chupa iliyobaki au ya jirani.

3. Msiache dawa ya glakoma, wala msikatishe steroidi mliyoandikiwa, bila idhini ya daktari. Mwulizeni shinikizo litapimwa lini.

4. Kati ya dawa moja na nyingine subirini angalau dakika 5, ili ya pili isiioshe ya kwanza.