Chora Njia ya Kazi Kabla ya Kumlaumu Mtu

Mwezi uliopita nilikuwa Weston, Toronto, mtaa ulio kando ya mto Humber. Wazee wa huko bado wanakikumbuka kiwanda cha baiskeli cha CCM, kilichofunguliwa 1917. Kampuni ikafilisika 1983. Nilifikia kwa binti wa kaka yangu, ambaye anauza sambusa za kugandishwa.

"Ami, nataka kumwachisha kazi yule msichana anayekunja," akaniambia. "Mzito. Kila Alkhamisi oda zinachelewa."

Msichana huyo ni wa Mombasa, na mama yake anamtegemea yeye. Mie nimesomesha jiografia miaka mingi sekondari ya misheni. Nikamjibu, "Mwanangu, usiihukumu safari kabla hujaiona ramani."

Alkhamisi nikakaa jikoni na karatasi, kalamu na saa. Nikaifuata nyama tangu inatoka kwenye friji mpaka sambusa inaingia kwenye boksi. Kila hatua nikaichorea kisanduku: chini yake dakika za mikono kufanya kazi, kando yake dakika za kungoja.

Kazi ilianza saa moja asubuhi, ikesha saa saba mchana. Masaa sita. Kupika dakika 40, kukunja 60, kufunga 30. Jumla masaa mawili na dakika 10. Basi mengine yalikwenda wapi?

Nyama ilikaa masaa mawili na zaidi inapoa ndani ya sufuria kubwa, msichana kasimama tu. Zilizokwisha kukunjwa zikangoja mpaka ikunjwe ya mwisho ndipo zifungwe. Friza iko chumba cha chini: ngazi zilishukwa mara 18. Manda nazo zilibanduliwa zote asubuhi. Za mwisho zikakauka, zikatupwa.

Ramani ya namna hii si uvumbuzi wangu. Imetoka kwa watengeneza magari wa Toyota, ambao wana kiwanda hata Cambridge, hukohuko Ontario, tangu 1988. Mkuu wao wa uzalishaji, Taiichi Ohno, alizihesabu hasara saba: kutengeneza kupita haja, kungoja, kuhamisha vitu ovyo, kufanya kazi isiyohitajika, kulimbikiza bidhaa, kwenda huku na huku bila sababu, na kutoa vitu vyenye kasoro. Kwa Kijapani hasara hiyo huitwa *muda*. Si muda wetu uliotokana na Kiarabu, ni sauti tu zimekutana. Lakini wallahi, jikoni mle yote mawili yalikuwa yakipotea pamoja.

Binti yangu akaitazama karatasi, akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe mzito ni sufuria."

Wiki iliyofuata nyama ikatandazwa kwenye masinia, ikapoa upesi. Manda zikabanduliwa kidogo kidogo. Kila dazeni tano zikikunjwa, zinafungwa hapohapo. Friza ndogo ikapandishwa jikoni. Kazi ikesha saa tano na nusu, mikono ni ileile, na hakuna aliyekimbizwa. Msichana akaombwa radhi, na kazi yake anayo mpaka leo.

Nanyi mlioko Maskati au Dubai, mwenye duka la ushoni, mwenye jiko la halwa: kabla hujamfukuza mtu, chukua karatasi. Simama pale kazi inapofanyika, usichore ukiwa ofisini. Andika unachokiona, si unachokidhania. Na muulize anayeifanya kazi, maana yeye ndiye anayejua inapokwama.