Kwa Nini Musa Hakuupiga Mto

Haya, sogeeni. Leo tuko Misri, ukingoni mwa Mto Nile, asubuhi na mapema. Farao anateremka majini. Wanaomngoja ni wazee wawili, ndugu wa damu: Musa, miaka 80, na kaka yake Haruni, 83. Mungu ameamuru mto upigwe kwa fimbo, maji yageuke damu. Nani anaambiwa anyooshe fimbo?

Wengi hujibu Musa. La! Ni Haruni.

Wayahudi wameigawa Torati mafungu 54, na kila Sabato husoma fungu lake hadharani mpaka mwaka uzunguke, kisha huanza upya. Ukirudia kisa kila mwaka, utaona vijambo ambavyo mwenye haraka huviruka. Hiki cha fimbo ni kimoja. Rashi, mwalimu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, aliandika jibu alilorithi kwa wahenga wake: mto ule ulimlinda Musa.

Mnakumbuka? Farao wa zamani aliamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama yake Musa alimficha miezi mitatu, kisha akamlaza katika kisafina cha mafunjo kilichopakwa lami, akakiweka kwenye matete. Mto haukumzamisha. Sasa aupige? Basi pigo la damu na la vyura yakapita mkononi mwa Haruni. La tatu pia, la chawa waliotoka mavumbini, kwa sababu mchanga ulimsitiri Musa siku alipomuua Mmisri aliyekuwa akimpiga Mwebrania, akamfukia humo. (Hapo wasimuliaji wengi huharakisha. Mimi siharakishi: hata siku chungu huacha deni.)

Najua mtauliza: maji yana masikio? Mchanga unaumia? Hauumii. Mto haukuhitaji heshima ya Musa, ila Musa alihitaji kuitoa heshima hiyo. Mkono ukizoea kupiga kilichoufaa, hauchagui tena. Leo maji, kesho mama.

Na mateso ya Waebrania yalianzaje? Yusufu aliiokoa Misri na njaa ya miaka saba. Akaja mfalme mpya asiyemjua Yusufu, akawatia jamaa za Yusufu, Waebrania hao, utumwani, wakafinyanga matofali. Shukrani ya punda, mateke! Baadhi ya wahenga walisema mfalme huyo alimjua Yusufu vizuri sana, alijifanya tu. Nami nawaamini, maana fadhila kubwa kiasi hicho haisahauliki kwa bahati mbaya. Mtu huisahau kwa kukusudia.

Fungu la wiki hii linaishia pigo la saba, mvua ya mawe. Safari hii fimbo anaishika Musa mwenyewe, ameielekeza juu mbinguni. Farao anaungama, anaahidi kuwaachia watu, mvua inakoma, naye anageuka. Nzige tutawakuta Sabato ijayo.