Dume Apandaye Asizalishe: Protini na Jeni katika Uzazi wa Farasi

Mwaka 1997, farasi aitwaye Cigar, aliyekuwa ameshinda mbio 16 mfululizo na kuwa kipenzi cha mashabiki wa Marekani, alianza kazi mpya ya uzazi huko Kentucky. Aliwapanda majike 34. Hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Uwezo wake wa kuzalisha ulikuwa umekatiwa bima ya dola milioni 25, nayo kampuni ya bima ikalazimika kuulipia.

Mkasa huu unatukabili sisi wanafunzi wa Kiswahili na swali la istilahi kabla ya swali la sayansi. Tunalo neno hanithi kwa dume asiyeweza kujamiiana, na tasa, ambalo aghalabu hubandikwa jike. Dume apandaye vyema lakini asizalishe hana jina linalomfaa, na labda ndiyo sababu lawama humwendea jike upesi. Isitoshe, kamusi hueleza shahawa na manii kana kwamba ni kitu kimoja. Katika makala haya tutatumia shahawa kwa mchanganyiko wote, mbegu kwa seli zenye kichwa na mkia, na ute kwa majimaji yanayozibeba mbegu hizo.

Ute huo si maji ya kusafiria tu. Farasi dume hutoa shahawa nyingi, mara nyingi mililita 50 au zaidi kwa pando moja, na huzimwaga moja kwa moja ndani ya mji wa mimba. Mwili wa jike huzipokea kama uvamizi. Katika muda usiozidi saa moja, seli nyeupe za damu huanza kumiminika humo, zikizinasa na kuzimeza mbegu pamoja na bakteria waliofuatana nazo. Vita hivi vina manufaa, kwani mji wa mimba sharti usafishwe. Lakini ikiwa kila mbegu itanaswa, mimba itatungwa na nini?

Hapa ndipo inapoingia protini iitwayo CRISP3, ambayo imejaa tele katika ute wa farasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa protini hii huzuia seli nyeupe zisizishike mbegu zilizo hai. Mbegu zilizokufa hazipati hifadhi hiyo. Protini nyingine, laktoferini, yaelekea hufanya kinyume: huwezesha maiti hizo kunaswa na kuondolewa. Hivyo ute wa dume huwabagulia askari wa jike nani wa kuachwa na nani wa kuzolewa. Jeni inayobeba maagizo ya kuunda CRISP3 nayo hutofautiana baina ya farasi na farasi. Watafiti wa Ujerumani waliochunguza madume wa aina ya Hanoverian walieleza mwaka 2007 kwamba badiliko moja katika jeni hiyo lilihusiana na kiwango cha majike wanaoshika mimba.

Hata hivyo, tusidhani kuwa kila protini ya ute ni rafiki wa mbegu. Zile zilizo nyingi kuliko zote, HSP-1 na HSP-2, hujibandika kwenye utando wa mbegu na kuuandaa kwa safari; lakini mbegu zikikaa nazo muda mrefu chupani, hudhoofika. Ndiyo maana wahifadhi huuondoa ute mwingi kabla ya kuzigandisha shahawa.

Jeni iliyotoa fundisho kubwa zaidi ni FKBP6. Kulikuwa na madume wa Thoroughbred, aina ya farasi wanaokimbizwa hata Ngong, ambao mbegu zao zilikuwa nyingi, zenye umbo zuri na mwendo wa kasi. Chini ya hadubini hawakuwa na kasoro, ila majike wao hawakushika mimba isipokuwa kwa nadra. Kasoro ilikuwa kwenye akrosomu, kifuko cha vimeng'enya kilichovikwa kichwa cha mbegu mithili ya kofia, ambacho hupaswa kupasuka mbegu ifikapo kwenye yai ili ipenye. Kwa madume hao, kofia haikuvuka. Genomu ya farasi ilikuwa imechapishwa mwaka 2009; mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wenzao wakailinganisha jeni kwa jeni baina ya madume hao na wenye uzazi timamu, wakaifikia FKBP6 katika kromosomu ya 13. Walioathirika walikuwa wamerithi umbo lile lile la jeni kutoka kwa baba na kwa mama.

Leo jeni hiyo inaweza kupimwa kabla dume hajanunuliwa. Tiba ni suala jingine. Kanuni za usajili wa Thoroughbred hukataa upandikizaji kwa chupa, hivyo mfugaji husalia na njia ya kupunguza idadi ya majike na kumpandisha dume karibu kabisa na saa ya yai kuachiliwa. Nayo FKBP6 haiko kwenye kromosomu ya jinsia. Jike mwenye nakala moja huzaa kama kawaida, na nakala hiyo aweza kumrithisha mwanawe wa kiume.