Bunia: Kabla ya kunakili diski ya seva, jua ni ipi itakayofutwa

Umeme unapokatika Bunia, wengi hufikiria taa na simu zisizo na chaji. Lakini katika ofisi inayoweka majalada ya wagonjwa, wanafunzi au wateja kwenye seva, giza linaweza kuingia wakati fundi yuko katikati ya kazi nyeti: kunakili diski.

Ofisi zenye data nyingi hutumia mtambo wenye diski kadhaa ndani ya kabati moja. Mtambo huziunganisha diski hizo, kisha huzigawa kuwa diski pepe. Seva huiona kila diski pepe kama diski kamili, ingawa huwezi kuishika mkononi. Fundi akitaka nafasi kubwa zaidi au akiba, huuamuru mtambo unakili diski pepe moja kwenda nyingine.

Hatari iko hapo. Diski inayopokea nakala hupoteza kila kitu kilichokuwamo. Fundi akigeuza upande kwa bahati mbaya, diski tupu itaifuta iliyojaa.

Hata makampuni makubwa yamewahi kuchanganya mashine. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikusudia kufuta data kwenye seva ya akiba. Akafuta kwenye seva kuu. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka, na njia kadhaa za akiba zikagundulika hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya ajali. Data iliyoingia katika saa hizo ilipotea.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, andika jina na ukubwa wa diski zote mbili, na mwenzako azikague. Inayopokea isiwe ndogo kuliko inayotoa. Simamisha programu zinazoandika data, la sivyo nakala inaweza kubeba hesabu zilizoishia njiani. Hakikisha betri na jenereta zitatosha hadi mwisho, kwani nakala iliyokatika si ya kutegemewa.

Kazi ikiisha, usiziunganishe diski zote mbili kwenye seva moja bila tahadhari: zinaweza kuwa na kitambulisho kilekile na kuichanganya seva. Fungua majalada kutoka kwenye nakala uone kama yanasomeka.

Kumbuka pia kwamba nakala iliyobaki ndani ya kabati lilelile itaungua au kuibwa pamoja na diski ya awali. Nyingine iwekwe jengo tofauti, na ifungwe kwa nywila. Sheria ya kidijitali ya Congo, ya tarehe 13 Machi 2023, inataka taarifa binafsi zilindwe, na jina la mgonjwa ni siri hata likiwa kwenye nakala.

Kama ofisi yako ina seva, muulize fundi leo: mara ya mwisho tulijaribu lini kurejesha data kutoka kwenye akiba?